Nyumbani Munasema Luga Gani

Karatasi yangu ilikuwa na maswali kumi na tano, na kumi na manne kati yake hayangeweza kumtisha mtu yeyote. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ualimu hapa Uvira, mji wa kando ya ziwa, idara ya Kifaransa, na nilitakiwa kuandika memwari, ile kazi ndefu ambayo mwanafunzi anaiandika na kuitetea mbele ya walimu kabla hajapewa shahada. Profesa aliyeniongoza alikuwa mzee wa miwani minene, mwenye kuvaa shati la mikono mirefu hata jua likichoma. Alilipenda wazo langu. Nilitaka kujua wazazi na wanafunzi wa mji huu wanakionaje Kifaransa, wanazionaje lugha zao wenyewe, na kwa nini mtu akikosea Kifaransa anaona haya kana kwamba ameiba. Lakini Profesa alitaka hesabu, si hadithi. Akachukua karatasi yangu, akaongeza swali la saba kwa mkono wake: nyumbani kwenu mnazungumza lugha gani?

Wazo lenyewe lilitoka katika woga wangu. Nilizaliwa Mutarule, katika uwanda wa Ruzizi, nyumbani mwa wakulima wa muhogo na mpunga. Kwetu Kirundi ndiyo lugha ya kuombea chakula, ya kufukuzia mbuzi shambani na ya kusalia rozari. Kiswahili nilikiokota sokoni. Kifaransa nilikutana nacho ubaoni. Katika shule yetu ya msingi kulikuwa na kibao kidogo chenye kamba. Aliyesikika akisema Kirundi ndani ya uzio alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Nilikivaa mara nyingi. Kibao chenyewe hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ili nikivue nilipaswa kutega sikio nyuma ya rafiki zangu.

Jambo lingine lililonifuata mpaka mjini ni herufi moja. Ulimi wa kwetu hautofautishi L na R. Zote zinatoka R. Mwaka wa kwanza chuoni niliitwa kusoma kipande cha kitabu kwa sauti, na mwezi wa angani, ambao kwa Kifaransa ni *la lune*, mdomoni mwangu ukawa *ra rune*. Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Mademoiselle, hapa hatuko shambani." Nilikaa. Karibu mwaka mzima sikunyoosha mkono tena. Asubuhi nikienda ziwani kufua, nilikuwa naelekea majini na kujisemea polepole: lala, lima, lipa, kalamu, mlango. Baada ya miezi L ilikubali kukaa. Nikiwa nimetulia ilikaa. Nikiogopa ilikimbia, sijui iliendaga wapi.

Niliishi Nyamianda, mtaa mmoja wa Uvira, kwa shangazi yangu, dada yake baba, mjane aliyeuza mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa mjini tangu kabla sijazaliwa. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa hapa ziwani, na kutoka kwake shangazi alijifunza Kifuliiru kizuri kiasi kwamba majirani wengi hawakujua asili yake. Ndani ya nyumba tuliongea Kirundi, lakini kwanza tulifungua redio. Miaka ile habari za vita zilikuwa zinatufikia kutoka uwandani kila mara, na kila zilipofika, macho ya watu mjini yalibadilika. Pikipiki zilipita zimebeba magodoro na kuku. Mtu aliangaliwa mara mbili kwa sababu ya pua yake, au kwa sababu ya neno moja lililomtoka vibaya dukani, kwa kuwa wasemaji wa Kirundi na Kinyarwanda walidhaniwa kuwa upande wa adui. Siku kama hizo shangazi aliongeza sauti ya redio.

Nilimsomea maswali yangu wakati anachambua ndagala uani. Sita ya kwanza alitikisa kichwa kukubali. La saba lilisimamisha mikono yake.

"Hilo lifute," akaniambia kwa Kirundi.

"Ni la Profesa, shangazi. Siwezi kulifuta."

"Profesa wako anakaa wapi?"

"Kule juu, karibu na chuo."

"Basi aende yeye akaulize huko kwao. Mtu hapigi hodi kwenye mlango wa mwenzake, siku hizi, na kumuuliza anasema lugha gani akiwa amejifungia. Wewe unajua hivyo. Wewe kabisa."

Nilijua, na hilo sikatai. Lakini nilikuwa nimebakiza miezi michache tu, na mbele ya yule mzee wa miwani nilikuwa bado ni yule wa *ra rune*. Niliona afadhali kumwogopesha shangazi kuliko kumrudishia Profesa karatasi yenye tundu. Ili kumtuliza nilimwambia nitaanza na nyumba yetu, aone hakuna ubaya. Nikajaza karatasi ya kwanza mwenyewe: avenyu yetu, namba ya nyumba, watu wawili, na mbele ya swali la saba nikaandika ukweli.

Siku ya kwanza nilikwenda Kasenga, mtaa mwingine wa mji, na nilirudi nimefurahi. Fundi cherehani mmoja aliniwekea kiti, akajibu huku anashona. "Kifaransa ni ya biro," akasema, akimaanisha ofisi, "Kiswahili ni ya soko, na Kifuliiru ni ya kuomba bibi kwa bakwe. Andika hivyo." Mama mmoja mwenye shule ya watoto wadogo aliniambia wazazi wanamlipa ili watoto wasiseme kitu kingine zaidi ya Kifaransa, halafu wanamlalamikia kwamba watoto hawaelewani tena na nyanya zao. Niliandika mpaka vidole vikauma. Nilijiona msomi.

Swali la saba lilikuwa tofauti. Karibu kila mtu alijibu haraka, "Kiswahili," na wengine waliongeza, "Kiswahili tu." Hata katika nyumba ambako, kabla sijapiga hodi, nilikuwa nimesikia kupitia mlangoni mama akimgombeza mtoto kwa lugha nyingine. Nilisikia Kirundi, nilisikia Kinyarwanda. Nilipoingia kilinyamaza, kama mtu anapofunika chungu.

Sasa hapa nitasema nilichokifanya. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba utafiti wa lugha unataka kupima umbali kati ya anachodai mtu na anachofanya. Basi nilichukua kalamu ya risasi, na pembeni mwa karatasi, kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo, nikaandika: wanadai Kiswahili, nimesikia Kirundi. Nyumba namba fulani, avenyu fulani. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili, na kila mara niliona ninafanya kazi nzuri. Siku ya tatu nilikuwa na karatasi thelathini na moja ndani ya fardi ya kijani, jalada la kubebea karatasi, na saba au nane kati yake zilikuwa na maneno yale pembeni.

Siku hiyo ya tatu ilikuwa saa tano ya asubuhi, Kasenga tena. Nilikuwa natoka kwenye uzio wa nyumba moja nikamkuta kijana mmoja amesimama njiani, mwenye kibanda cha mbao cha kuchajia watu simu. Alikuwa ameniona siku zote tatu.

"Dada, uko naandika nini mu manyumba ya bantu?" akauliza kwa Kiswahili cha mtaani, ambamo watu huitwa bantu.

"Ni masomo," nikasema. "Niko nasoma."

"Masomo gani ya kuandika namba ya nyumba?"

Hakupiga kelele, lakini sauti yake ilitosha kuwatoa wengine wawili kwenye kinyozi, halafu motari mmoja akasimamisha pikipiki yake, halafu wakawa sita. Mmoja alinyoosha mkono, akaivuta fardi kwapani mwangu. Karatasi kadhaa zilianguka. Upepo wa ziwani ulizisukuma kidogo juu ya vumbi, na watu waliinama kuziokota, na mimi nilisimama nikaona mwandiko wangu mikononi mwa watu nisiowajua.

"Uko naandika bantu," motari akasema. Si swali.

"Weye ulizaliwa wapi?" akauliza yule wa simu.

Nilijua jibu ni Mutarule, na nilijua siwezi kulitamka. Jina la kijiji changu lina R na L, moja nyuma ya nyingine, na kwa woga niliokuwa nao lingetoka bila L yake, na wote wangesikia. Nikasema, "Upande wa Sange." Sange haina L.

"Nani alikutuma?"

Hapa nilitaka kusema mwalimu. Nikaliona neno hilo linakuja na L katikati, nikalimeza. "Profesa," nikasema.

"Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

Sikuwa nayo. Profesa alikuwa ameniambia barua yenye muhuri itatoka wiki ijayo, mimi nisipoteze wakati. Nikasema, "Bado." Nikasema, "Wiki ijayo." Kila neno nililipima kwanza kabla ya kulitoa. Waliniuliza nilikuwa naandikia nini pale pembeni, nikasema biki, yaani ya wino, kwa sababu neno kalamu nisingeliweza, ingawa kila mtu alikuwa anaona kwamba maandishi yale si ya biki. Hilo lilifanya waniangalie vibaya zaidi. Nilikuwa nadhani nasema kwa akili, kumbe nilikuwa naonekana mtu anayetunga.

"Twende kwa shefu," mmoja akasema.

Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa ule, alikuwa anakaa mbali kidogo, kama dakika kumi kwa mguu. Nilitembea katikati yao. Watoto walitufuata, wakaachwa. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga vitumbua aliniangalia akaniita, "Mutoto wangu, umefanya nini?" Niliendelea kutembea. Nakumbuka nilifikiria jambo moja tu: kama hapa njiani kuna mtu yeyote wa kwetu ambaye ataniona na kunisalimia kwa Kirundi kwa nia njema, nimekwisha. Nikainamisha kichwa ili asinitambue mtu.

Shefu alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye viatu vya plastiki. Alikuwa uani kwake anatengeneza mguu wa meza. Aliwasikiliza wale vijana wote, mmoja mmoja, bila kuwakatiza. Halafu akaomba fardi, akaketi kwenye kisiki, akaanza kusoma karatasi. Alisoma kama mtu aliyezoea kusahihisha, kidole kikishuka pembeni. Nilikiona kidole kinapofika kwenye maneno ya kalamu ya risasi. Kilisimama. Akafunua karatasi nyingine. Kikasimama tena.

Aliinua uso, akaniongelesha Kifaransa. Kifaransa cha polepole, cha shule ya zamani, kila neno limefunguliwa vizuri. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine amekwisha kuyasoma maandishi yale ya pembeni. Nilimjibu kwa Kifaransa kwamba hapana, Bwana. Akaniuliza kama najua nilichokiandika. Nikasema nilidhani ni utafiti. Akasema, bado kwa Kifaransa, bila kubadilisha sauti wala uso: "Binti, hapa umeandika watu ambao wanaweza kufa."

Wale vijana walisimama wanatuangalia midomo. Sidhani walielewa zaidi ya neno moja moja.

"Ni mambo ya masomo," shefu akawaambia kwa Kiswahili. "Anauliza kama batoto bafundishwe Kifaransa ao hapana."

"Na ile ya kalamu ya risasi?" akauliza yule wa simu. Huyu hakuwa mjinga. "Kwa nini ingine ni biki na ingine ni risasi?"

"Wanafunzi wanaandikaga masahihisho kwa risasi."

"Basi asome. Asome kwa sauti, tusikie."

Shefu aligeuza karatasi mbili tatu. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba akikataa ingekuwa mbaya zaidi. Akachagua karatasi moja, akanipa. Sijui kama aliichagua kwa makusudi. Ilikuwa na mistari mitatu ya kalamu ya risasi.

Niliishika kwa mikono miwili. Maneno yaliyoandikwa niliyaona vizuri, nikayaacha. Nikaanza kusoma ambayo hayapo. Nilisema kwa Kifaransa kwamba familia hii inakipenda sana Kifaransa. Nilisema kwamba mtoto wa kwanza anasoma, wa pili anasoma, baba anafurahi. Nilichanganya majira ya vitenzi, nilisahau majina yapi ni ya kike na yapi ya kiume, L zote zilikimbia, na kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatembea juu ya maneno mengine nilikuwa nasimama mahali pasipo pa kusimama. Nilisikika kama mtoto wa mwaka wa tatu anayesoma chini ya fimbo. Nilifika mwisho wa mistari mitatu, nikaendelea, kwa sababu sikujua nimefika.

Motari ndiye aliyeanza kucheka.

"Na huyu ndiye atafundisha batoto yetu Kifaransa?" akasema. "Ah! Bana, hata minye naweza."

Wengine wakacheka; R zangu walizidhani ni Kifaransa kibovu tu. Kilikuwa kicheko kilekile cha ukumbini, nilikitambua, na safari hii nilitaka kisiishe. Mmoja alianza kuniiga. Yule wa simu hakucheka, aliendelea kuniangalia, lakini wenzake walikuwa wameshalegea, na motari akakumbuka pikipiki yake.

"Karatasi zinabaki hapa," shefu akasema kwa sauti kubwa, wote wasikie. "Mademoiselle, utaleta barua yenye muhuri. Bila barua hakuna karatasi."

Nikaondoka. Sikukimbia. Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikapanda pikipiki ya kwanza, na nilipofika Nyamianda ndipo nilipogundua kwamba kiatu kimoja kilikuwa kimekatika na sikuwa nimesikia.

Nilimweleza shangazi yote. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza swali moja.

"Na karatasi yetu iko humo?"

Nikasema iko humo. Aliketi kwenye kitanda. Halafu akainuka, akafunga redio, na tangu hapo mpaka asubuhi tuliongea Kiswahili, hata tulipokuwa wawili tu, hata aliponiambia nile.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajafika. Nilimwambia nimekamatwa, na kwamba nimeandika yale ya pembeni. Mwanzoni alikasirika kuhusu barua, akasema mtafiti anajipanga. Halafu nikamwambia neno la shefu. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa amefundisha kile kipimo cha umbali miaka yote, akikitoa katika vitabu vya watu wanaopima jinsi wauzaji wa maduka ya nchi za mbali wanavyotamka. Sidhani aliwahi kufikiria kikipita katika mlango wa Kasenga. Aliandika barua yeye mwenyewe, akampa sekretari apige muhuri mara mbili. Nilingoja aseme tutakwenda pamoja. Hakusema.

Shangazi ndiye aliyekwenda nami. Alivaa kitenge cha kanisani, akafunga kilemba, akatembea mbele yangu kana kwamba anakwenda kudai mahari. Kibanda cha kuchaji simu kilikuwa kimefungwa, na sikujua kama hilo ni jema au baya.

Shefu alisoma barua, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akaingia ndani, akatoka na fardi ya kijani. Nilipoifungua nilikuta kila pembe safi. Alikuwa amefuta maandishi yote ya kalamu ya risasi, moja baada ya jingine, na palipokuwa nimekandamiza sana karatasi ilikuwa imechanika. Pale nilipoandika namba za nyumba kwa biki, alikuwa amepaka wino mweusi juu.

"Nilikuwa mwalimu miaka mingi," akamwambia shangazi, si mimi. "Kifutio ninajua kukitumia." Halafu akaniangalia. "Usirudi tena kuuliza. Kama unataka kujua bantu banasema nini, kaa, sikia, na usiandike."

Shangazi alimshukuru kwa Kifuliiru. Shefu alimjibu kwa Kifuliiru. Sijui kama alitambua asili yake.

Nyumbani tulizihesabu karatasi juu ya meza. Ishirini na tisa. Tukahesabu tena, kila mmoja kwa zamu. Ishirini na tisa. Mbili hazikuwepo. Yetu ilikuwepo, shangazi aliichukua, akaiweka kwenye mkaa wa jiko, akasimama mpaka ikaisha. Lakini mbili zilikuwa zimebaki mahali fulani, labda ziliruka na upepo siku ile, labda zilianguka mtaroni zikaoza, labda ziliingia mfukoni mwa mtu. Nilijaribu kukumbuka ni nyumba zipi. Nilipanga zilizobaki kwa avenyu, nikatafuta pengo. Moja niliijua: ile ya mama aliyekuwa anamgombeza mtoto mlangoni. Ya pili sikuijua, na mpaka leo siijui.

Nilitaka kwenda kumwonya yule mama. Lakini ningemwambia nini, na nani angeniona nikiingia kwake kwa mara ya pili? Nilichoweza ni kupita. Wiki mbili nilipita barabara ile kila siku, upande wa pili, na mwavuli umenifunika uso, nikiangalia kama mlango upo, kama nguo zimeanikwa. Siku moja nguo hazikuwepo, na nilikaa kando ya barabara nikiangalia ule mlango. Kesho yake zilikuwepo: suruali za mtoto, shuka lenye maua. Baadaye mwaka ule familia ile ilihama. Fundi cherehani aliniambia walikwenda kwa ndugu zao, kwa mapenzi yao wenyewe, na sikuwa na namna ya kujua kama mapenzi yao yalikuwa na uhusiano na mimi.

Memwari niliitetea miezi mitatu baadaye, mbele ya Profesa na walimu wengine wawili. Swali la saba nilikuwa nimelitoa, na majibu yake yote. Mmoja wa watahini, mwanamume mwenye tai, alifungua ukurasa wa maswali akauliza kwa nini kuna pengo kati ya la sita na la nane. Nilikuwa nimejiandaa jibu refu. Lilinitoka fupi. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba jibu la swali hilo linaweza kumdhuru aliyelijibu. Akasema huo si mtindo wa kisayansi, kwamba mtafiti hafichi data. Nilimwangalia Profesa. Alikuwa anaangalia meza. Nikasema sijaficha, nimeharibu. Nilisema hivyo kwa woga wa siku ile ya Kasenga, na L zangu za Kifaransa zilitoka R, na mtahini wa tatu, mwalimu wa kike kijana, aliandika kitu kwenye daftari lake bila kuinua kichwa. Walinipa alama za kupita, si zaidi. Profesa alinishika mkono, akaniambia nimefanya vizuri, akauachia upesi.

Likizo nilirudi Mutarule kuonyesha wazazi karatasi ya matokeo. Mama yangu hajui kusoma. Aliita majirani, akanisimamisha katikati ya uwanja, akataka niwasemeshe Kifaransa, wasikie alichokilimia miaka yote ile. Nilitafuta sentensi moja nzuri, sikuiona. Mwishoni nilisema kwa Kifaransa habari za asubuhi na asanteni kwa kuja, na wao wakapiga makofi, na mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Siku tatu baadaye nilipanda gari dogo la kurudi Uvira. Kabla ya kufika mjini kulikuwa na kizuizi, kamba imefungwa kati ya mapipa mawili. Askari mmoja aliingiza kichwa dirishani, akaanza na mama aliyekaa mbele, akamuuliza anatoka wapi. Halafu baba wa pembeni yake. Nilikuwa wa nne. Nilianza kulitafuta jina la mahali lisilo na L.